Sahani Yangu Aliyopewa Deo

Kosa ni langu, na nalisema kabla sijaanza kutafuta kisingizio. Asubuhi moja ya mwaka 2018 niliondoka Fort Worth, Texas, bila kujua naenda wapi. Kwenye buti nilikuwa na masanduku mawili ya santuri, na nyuma yangu jina la mtu asiye na hatia nilikuwa nimelichafua.

Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo nahama miji kama mtu anayefukuzwa, na kila mji hunipa wazimu wake. Texas ilinipa wazimu wa santuri ndogo za miaka ya sitini. Vijana wa shule walipiga gitaa katika gereji za baba zao, wakarekodi wimbo mmoja kwa kampuni ya mtu mmoja katika mji mdogo, kisha wakapotea. Walienda wapi? Nilitaka kujua!

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Consolata, Mrundi anayefanya usafi hotelini. Mpwa wake, Deo, aliyekaa humo pia, alikuwa rafiki yangu. Jumamosi tulizunguka pamoja kwenye nyumba ambazo watu huuza vitu vyao vya zamani uani. Mimi santuri nilizoea kuziita sahani, kama wazee wa kwetu. Siku ya kwanza Deo alicheka hadi akakaa chini.

"Sahani? Basi leta na ugali, ndugu yangu!"

Jina likabaki. Nyumba nzima ikasema sahani.

Kisha nikapata moja yenye picha ya jogoo mwekundu kwenye lebo. Kila tuliyemuuliza alisema hajawahi kuiona. Hapo nikaanza kumtazama Deo kwa jicho la pembeni. Mbona anaipiga picha? Mbona anauliza naiweka wapi? Nikawa naihamisha kila baada ya siku mbili tatu. Deo akanibatiza Mpelelezi.

Ijumaa moja alisafiri kwenda Houston. Mzee mmoja mwenye duka la santuri alikuwa amemwahidi kazi ya kuzipanga. Mgongo wa Deo ulikuwa umekwisha kwa kubeba mizigo ghalani, na kazi hiyo ndiyo ingemwokoa. Mchana, nikiwa kazini, meseji ya Mama Consolata ikaingia: "Sahani yako nimempa Deo, basi lilikuwa karibu kumuacha. Usikasirike."

Damu ilinichemka! Niliomba ruhusa, nikakimbia nyumbani. Nyuma ya kabati, hakuna kitu. Sikumpigia Deo. Sikumuuliza Mama. Nilimpigia yule mzee wa Houston, namba ya duka lake nilikuwa nayo.

"Kijana anayekuja kwako ni mwizi," nikamwambia.

Deo alifika, akafungiwa mlango.

Mama Consolata aliporudi kutoka kazini nikamrukia. "Kwa nini ulimpa sahani yangu?"

"Weye! Wali na maharagwe tu, ndiyo unifokee? Mtoto angesafiri na njaa?"

Jamani! Chakula! Sahani ya chakula! Nikapekua masanduku yote. Ile ya jogoo niliikuta ndani ya jalada la santuri ya kwaya. Nilikuwa nimeificha hapo mwenyewe siku mbili kabla, nikasahau.

Nilimpigia mzee tena, nikakiri. "Sasa nitajuaje ni lini unasema kweli?" akauliza. "Sitaki yeyote kati yenu."

Mama hakunifukuza. Heri angenifukuza! Kila nilipopita jikoni aliniambia, "Hesabu vitu vyako vizuri, nisije nikawa mwizi na mimi." Nilivumilia wiki mbili. Asubuhi ya kumi na tano nikawasha gari.

Barabara ilinifikisha Houston, mlangoni kwa binamu yake Deo, alikokuwa anakaa. Deo alifungua nusu. Nikamnyooshea ile ya jogoo kwa mikono miwili.

"Ni yako, ndugu yangu. Nisamehe."

"Irudishe garini, Mpelelezi. Ikipotea hapa utasema ni mimi."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Niliendesha tu kuelekea magharibi, hadi mji wa Katy. Nesi mmoja Mkenya, Dada Njeri, alikuwa na chumba.

"Karibu, u-feel at home. Na hizo box ni za nini?"

"Santuri," nilisema. Lile neno lingine sikuthubutu kulitamka.

Nilifunga chumba kwa ufunguo, nikaona haya, nikakifungua. Kisha nikasikia sauti kutoka jikoni: "Kuja basi! Sahani yako nimeifunika!"

"Sahani gani, dada?" nikauliza haraka.

Alichungulia, akanishangaa. "Ya chakula. Kwani kuna nyingine?"

Wewe unayemshuku mtu wako leo, nakusihi, usishike simu kabla hujamuuliza swali hilo. Ni maneno mawili tu: "Sahani gani?" Mimi nilijifunza kuyasema katika nyumba ambayo Deo hayumo.