Mboko ya Gershom Isiyoisha

Saa nane mchana, wazungu wa bara walipokwisha kula na kujilaza ufukweni na chupa zao, wahudumu wa hoteli walishika njia ya Bofu, kwenye mangwe ya Kache, kilabu chake cha makuti, kunywa tembo la mnazi. Mzungu akilewa mchana aliitwa mgeni aliye mapumzikoni. Mwafrika akilewa saa hiyo hiyo alikuwa ushahidi kwamba uhuru unaharakishwa mno. Basi vijana walikunywa kama watu waliokwisha kuhukumiwa.

Gershom, kijana wa Kitaita aliyebeba supu mezani, alikuwa na aibu moja: hakunywa. Baba yake alikuwa mwinjilisti, na harufu tu ya tembo ilimtia kichefuchefu. Lakini mwaka ule wa 1962, asiyelewa alihesabiwa kuwa sikio la meneja. Kwa hiyo alikaa na wenzake, mboko, kile kibuyu cha tembo, mapajani, mrija mdomoni, mashavu ameyabonyeza ndani kama mtoto anyonyaye, asivute hata tone. Kisha alipepesuka njia nzima ya kurudi, tena vizuri kuliko walevi wenyewe.

Kache alijua. Mboko ile ilirudi imejaa, naye akaiuza mara ya pili kwa wapagazi wa kivukoni.

"Mteja kama wewe, mwanangu," alimnong'oneza, "Mungu aniongezee."

Mambo yaliharibika walipopanga kugoma wapewe siku ya kupumzika na nyongeza ya mshahara. Kabla hawajasema neno, meneja aliwasalimu asubuhi akicheka: "Nasikia Jumamosi mnagoma."

Mchana ule Mutua, msaidizi wa mpishi, alichungulia mboko ya Gershom.

"Tangu tukae umekunywa nini?"

"Nakunywa polepole."

"Polepole kama konokono aliyefiwa," alisema Absalom, mwosha vyombo. "Ndiye huyu aliyetuuza."

"Imalize mbele yetu," Mutua alisema. "La sivyo, ujue hatugomi na wewe."

Gershom aliinua mboko. Mgomo ule aliutaka kuliko wote. Usiku alilala akiuwaza. Harufu ikampiga puani. Akaitua.

"Sinywi. Sijapata kunywa. Nyinyi mkilewa, mimi nasikia kila neno. Mutua, supu ya meneja siku ya Pasaka uliitemea mate, ukatuambia mwenyewe. Absalom, suruali nyeupe ya mgeni uliivaa kwenye arusi ya dada yako, ukairudisha na mchuzi, akalaumiwa dobi. Niendelee?"

"Usiendelee," Absalom alisema upesi.

"Yote hayo ninayo kifuani. Ningekuwa sikio la meneja, mngekuwa bado na kazi?"

Mutua aliutazama mrija wake kama aliyeuona leo.

"Sasa nani aliyemwambia meneja?" aliuliza hatimaye.

Kache aliangua kicheko. "Jana mliuimba mgomo wenu barabarani mpaka langoni mwa hoteli. Mwataka apelekewe na barua?"

Wakatazamana. Mutua akajikuna kisogo.

"Kesho kwa meneja utasema wewe, Gershom."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe utakumbuka tunadai nini."

Gershom akawatajia madai yote, taratibu. Alipomaliza, Absalom akamwomba ayarudie.