Siku Nilipoziba Bomba la Tangi la Samaki

Jamani, haya nimeyaficha miaka mingi, na hata sasa nikiyataja nahisi masikio yanapata moto, lakini leo niyatoe tu, mcheke mmalize.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi, nami karani kijana kutoka Machakos, nimepangiwa ofisi ya samaki Lamu, imebaki wiki moja tu nithibitishwe kazini. Ofisini kulikuwa na tangi kubwa la kioo lenye visamaki na pweza mmoja, refu kunizidi, alilolijenga Bwana Shee, fundi wa vyombo vya bahari wa Matondoni (mtu mpole, ila akilizungumzia tangi lile utadhani anamwoza bintiye). Injini ya ufuoni ilivuta maji ya bahari ikayaleta tangini, na yaliyozidi yakashuka kwa mabomba mawili yaliyosimama humo ndani, yakarudi baharini.

Asubuhi hiyo tulimngojea mkubwa kutoka Nairobi, nami nikaona maji yako chini ya ukingo kama shubiri mbili, tangi limekaa kama kikombe cha chai kilichonywewa nusu.

"Bwana Shee, tuyapandishe kidogo."

"Wata, bwana, usiguse," akanijibu kwa Kiamu chake. "Mai yana ndia mbili, na zote mbili yanazitaka." (Yaani niache, maji yana njia mbili.)

Akaenda gatini kumpokea mgeni. Mimi nikapanda kiti, nikavua soksi (safi, naapa), nikaishindilia kwenye bomba moja. Maji yakapanda shubiri moja, yakatulia, yakapendeza! Nikashuka nikajipongeza.

Kumbe pweza wetu naye alikuwa akitazama. Bomba lililobaki lilikuwa linavuta kwa nguvu, sijui alidhani ni nyumba mpya, akajiingiza mzima mzima akajaa mle kama unga wa maandazi. Maji yakafika ukingoni, yakavuka, yakaanza kutembea sakafuni na visamaki juu yake. Nikarudi kitini mbio, nikachomeka mkono niitoe soksi, imeshazama mbali. Nikamvuta pweza, pweza akanivuta mimi. Nikapiga kelele injini izimwe, na kelele za injini zenyewe ndizo zilizonifunika.

Mlango ukafunguliwa. Mgeni kavaa suti, nyuma yake Bwana Shee na mwalimu wa madrasa aliyealikwa kumlaki. Maji yakamlaki mgeni miguuni. Akajikaza kiungwana, akaninyooshea mkono, nami, nikiwa juu ya kiti, mguu mmoja hauna soksi, nikampa wa kushoto.

"Astaghfirullah," mwalimu akanong'ona.

"Kijana," akasema mgeni, "unanisalimu kwa mkono wa kushoto?"

"Samahani, mzee. Wa kulia umeshikwa."

"Umeshikwa na nani?"

"Na pweza, mzee."

Bwana Shee akatimka kuzima injini, mwalimu akavua kofia yake akaanza kuokotea visamaki, na yule mkubwa wa Nairobi akakunja suruali akamsaidia. Mimi nilibaki pale juu mpaka pweza aliponichoka mwenyewe.

Barua yangu ilikuja baada ya wiki. Nilithibitishwa, kweli, ila chini mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Asikaribie maji." Na kazi yenyewe iko kisiwani!

Tangu hapo nimeapa kutotengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Hata mke wangu akiniambia niongeze maji kwenye mchuzi, namwita jirani.