Safari ya Muthama ya Kwenda Kuuona Mlima

Ni lini mara ya mwisho ulisafiri kwenda mahali ambapo hakuna aliyefiwa, hakuna anayeoa, wala hakuna kazi inayokungoja? Fikiri kwanza. Wengi wetu hapa Kitengela tungefikiri mpaka chai ipoe. Njia ya kwenda ushago kwa wazazi Desemba tunaijua, na ya kwenda matangani pia. Lakini kwenda kuona tu, hiyo tumewaachia watu wanaoshuka kwenye ndege na kofia pana, kana kwamba nchi hii ni yao kuitazama na yetu kuilima.

Muthama alikuwa fundi wa paa. Alikuja kutoka Makueni mwaka 1993, siku ambazo Kitengela ilikuwa safu mbili za maduka na vumbi katikati. Asubuhi moja ya Novemba 1996, baada ya mvua kuiosha anga, alikuwa amekalia boriti ya jengo la ghorofa tatu akipigilia mabati. Alipojinyoosha mgongo akatazama kusini, na huko, mbali kuliko alivyodhani jicho linaweza kufika, akaona kitu cheupe kimekaa juu ya mbuga. Mawingu yalikuwa yanatembea. Chenyewe hakikutembea.

"Nzomo! Panda uone Kilimanjaro!"

Nzomo, msimamizi wao, alikuwa chini akipima mbao. "Shuka wewe, jua imekupiga kichwa. Kilimanjaro iko Tanzania."

Alipokubali kupanda, kitu kile kilikuwa kimefutika. Tangu siku hiyo mafundi wote wakamwita Muthama "Baba Barafu", na kila wingu jeupe lilipopita, mmoja wao alimwonyesha kwa nyundo.

Kwa miaka tisa Muthama alitaka jambo moja: kusimama karibu na mlima ule na kuuona wote, kuanzia chini mpaka kichwani. Haikuwa rahisi. Kila Agosti alipopata siku chache, alifariki mjomba, au mbuzi wa posa ya dada yake walihitajika nyumbani, au mtoto alivunjika mkono. Nayo Kitengela ikazidi kupanda. Kufikia mwaka 2005, akiwa juu ya paa lolote na kutazama kusini, aliona mapaa mengine tu, na mengi ya hayo aliyapigilia yeye mwenyewe.

Mkewe, Phylis, ndiye aliyechoka kwanza. "Nenda, Baba Katee. Nenda uone hiyo kitu yako urudi tuongee mambo ingine." Akamfungia mikate miwili, sukari na majani ya chai, maana mgeni haendi mikono mitupu. "Na wakikuuliza umeenda kufanya nini?"

"Nitawaambia ukweli."

"Haya. Basi watakuogopa."

Alikwenda na Gakuru, mkulima wa Entarara, chini ya mlima ule upande wa Kenya, aliyeleta nyanya Kitengela kila wiki na kurudi na lori tupu. Walipitia Emali, wakafika Jumamosi mchana. Mlima haukuwapo. Upande wote ambako ungesimama kulikuwa na wingu zito la kijivu. Lori lingeondoka na nyanya kesho yake saa moja asubuhi, na Jumatatu kulikuwa na paa la kumaliza. Muthama alikuwa na jioni ile moja na asubuhi moja. Basi.

Alitembea kandokando ya mfereji wa maji, akisimama kila hatua chache na kutazama juu ya mashamba, labda wingu litapasuka. Hakujua anavyoonekana. Huko Entarara, miaka hiyo, mtu kutoka Kitengela aliyevaa viatu safi na kusimama kando ya mfereji akitazama mashamba ya watu, alikuwa na maana moja tu.

Mzee wa Kimaasai akamjia polepole. Aliitwa Katoo, jirani wa Gakuru.

"Sopa."

"Ipa, mzee."

"Unataka ekari ngapi?"

"Sitaki shamba, mzee. Nimekuja kuona mlima."

Katoo akageuka, akalikagua lile wingu. "Mlima gani?"

"Iko hapo nyuma."

"Hapo kuna wingu." Mzee akacheka kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni. "Yule wa mwaka jana alisema amekuja kuona ndege. Saa hii ako na ekari ishirini, ameweka seng'enge mpaka kwa mto. Wewe sema tu. Ile yangu ya chini iko na maji."

Wakati wa chakula cha jioni kwa Gakuru, habari zilikuwa zimefika jikoni. Mama Kui, mke wa Gakuru, aliweka sahani ya githeri mezani na kusema, "Watu wanauliza kama uko na pesa mkononi."

Muthama alicheka. Gakuru hakucheka.

"Ndugu yangu," Gakuru akasema, "tuambiane ukweli. Kama ni shamba unatafuta, ungeanza na mimi. Si nimekubeba na lori yangu?"

Maneno hayo yalimuuma kuliko miaka tisa ya Baba Barafu. Akaeleza yote: boriti, mvua, kitu cheupe, Nzomo na kicheko chake. Gakuru alisikiliza akitafuna.

"Miaka kumi na nne niko hapa," akasema mwishowe. "Hiyo mlima mimi huangalia nikitaka kujua kama mvua inakuja. Sijawahi ona mtu akitoa nauli kuja kuiona."

Asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri, Mama Kui aligonga mlango. "Baba Katee, amka. Uko na wageni."

Walikuwa watano langoni, Katoo mbele. Mama mmoja alishika karatasi za shamba zilizofungwa ndani ya nailoni. Wote walikuwa wameelekeza nyuso langoni, mashamba yakiwa nyuma yao. Muthama akainua kichwa kuwaambia wazi kwamba yeye si dalali wala tajiri.

Juu ya vichwa vyao mlima ulikuwa umesimama wote. Upande wa kulia Kibo, nyeupe, ikianza kushika wekundu wa jua. Upande wa kushoto Mawenzi, nyeusi, yenye meno, ambayo hakuwahi kuota kwamba ipo. Na chini yake msitu, na chini ya msitu mahindi ya watu, mpaka kwenye lango.

"Sopa," Katoo akasema. "Tumekuja mapema kabla lori iende."

Muthama hakujibu.

"Ile ya maji tunaweza kuongea," mzee akaendelea. Alikuwa amezoea wanunuzi wanaonyamaza ili bei ishuke. "Haya, tutapunguza."

Yule mama wa karatasi akamtazama Muthama machoni, akaona haangalii mtu, akageuka kujua anachokiona. Kisha wa pili naye akageuka. Mwisho Katoo mwenyewe, taratibu, akaegemea fimbo yake.

Gakuru alikuwa ameshawasha lori. Akapiga honi mara mbili. Hakuna aliyegeuka.