Ua la Kwetu Kwenye Video

Kaka yangu anauza televisheni hapa Voi, na kutwa huziwasha zote pamoja, ukuta mzima, zikionyesha video ile ile. Za kuuzia televisheni, aliwahi kuniambia, ni zile za muziki wa kompyuta. Zina zambarau, kijani kikali, moshi na vioo, na mteja akiiona zambarau isiyochuja haulizi maswali mengi. Muziki wenyewe haupendi. Huishusha sauti mpaka chini kabisa, akabaki na rangi.

Mimi nilizizoea kwa kukaa pale nikipumzika kila nikitoka sokoni, nikazijua desturi zake kama ninavyozijua za harusi. Mwimbaji haonyeshi uso. Atavaa miwani ya kioo au kofia ya pikipiki, au ajifunike kwa nyuzi za plastiki zinazomeremeta. Anatembea lakini hafiki popote. Kila kitu kinakwenda polepole, hata nywele, na taa inatoka nyuma ili mtu awe kivuli. Halafu lazima uje mkono. Unasogezwa hadi karibu ugonge kamera, vidole vinafunguka kimoja kimoja, na picha inakatwa. Kisa hakuna. Hakuna mama mkwe, hakuna kulia kwenye mvua kama video za mapenzi tulizokua nazo sisi. Nilikuwa nikizicheka sana.

Kicheko kilinikauka siku moja baada ya alasiri. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda na chai yangu mkononi. Video ilikuwa mpya: ghala tupu, mwanga wa zambarau, msichana amejifunika uso kwa barakoa ya vipande vya sidii vilivyovunjwa. Sauti yake, kwa kidogo nilichosikia, ilikuwa imepitishwa kwenye mashine mpaka ikawa kama ya mtu anayeimba ndani ya bomba. Mkono ukaja. Vidole vikafunguka. Ukutani kote, kwenye kila kioo, nikaliona ua langu.

Kazi yangu ni kupaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi. Nyanya yetu, aliyenifundisha, alituachia ua moja la majani matano. Jani la upande wa kidole cha mwisho halifungwi, mstari unaachwa wazi. Ua hilo ni la mabinti wa nyumba yetu peke yao, na wengine wote nawafungia jani. Kwa sasa nyumba yetu ina binti mmoja tu, mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo Mombasa. Nilikuwa nimempaka siku ya Idi, kwa mkono wangu huu.

Chai ilinimwagikia pajani na sikuthubutu kulia. Kaka yangu alikuwa amesimama mbele yangu akipangusa kioo kwa kitambaa, pua yake karibu iguse mkono wa mwanawe.

Mwaka uliotangulia, binti alipoanza kuimba, alikuwa amesema, tena mbele yetu sote, "Nikisikia ameimba tena, chuo basi, na mlango wangu asiukanyage." Kwa baba mwingine hayo yangekuwa maneno ya hasira, yakaisha kwa chakula cha jioni. Huyu wangu halegezi. Aliacha kusema na ndugu yetu mdogo kwa jambo dogo kuliko hili, miaka ikapita, na hakumwita jina lake tena mpaka siku tuliyomzika.

Nilitoka pale nikampigia binti nikiwa nimejificha nyuma ya vibanda vya mboga.

"Shangazi, relax," akasema. "Face haionekani. Hata sauti si yangu, ni ya computer."

"Na mikono?"

Niliisikia pumzi yake ikibadilika.

"Nilikuwa na glavu," akasema. "Director akasema zinaharibu picha, nizivue. Tulishuti kule Mraru, kwa ghala fulani, piko ilikuwa bado fresh. Sikufikiria, Shangazi. Baba ameona?"

"Baba yako alikuwa anaupangusa mkono wako sasa hivi."

Akaanza kulia. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, nikaona na mimi nalia.

Tangu siku hiyo nilipita dukani kama mwizi. Nilikuwa nikimtazama kaka usoni, sioni kitu. Nikajaribu ujanja. "Weka ndovu bwana, weka simba. Si Tsavo iko hapa nje?"

"Ndovu ni kijivu," akanijibu. "Nitamuuziaje mtu televisheni ya rangi kwa kijivu?"

Video ikaendelea kuchezwa. Tena ikapendwa mji mzima. Maharusi wakaanza kunijia na simu, picha imesimamishwa pale pale kwenye mkono, wakitaka ua lile. Wa kwanza nilimwambia silijui. Usiku wake sikulala, na kulipokucha nilikuwa na wazo jingine: likijaa mikononi mwa kila mwanamke wa Voi, hakuna mkono utakaoweza kumchongea binti yetu.

Basi nikapaka. Nilipofika kwenye jani la mwisho nikaliacha wazi, na nikahisi kama ninayegawa nguo za nyanya kwa wapita njia. Nikapaka maharusi wa mjini, nikapaka walimu walioteremka kutoka milimani kwa ajili ya harusi za kanisani. Baadaye ikatoka video nyingine, ya moshi ule ule na zambarau ile ile, na humo wachezaji wote walikuwa na ua letu. Yule mkono haukuwa peke yake tena. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Ijumaa iliyofuata, watu wametoka msikitini, nikapita dukani. Kaka yangu alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, kitambaa mkononi, hapangusi. Video mpya ilikuwa inacheza. Mikono ilikuwa imepangwa safu nzima, ikifunguka pamoja.

"Hawa nao umewapaka wewe?"

"Ni fasheni, kaka. Kila mtu analitaka."

"La nyanya?"

Nilishika meza nikingoja yale niliyoyaogopa miezi yote ile, na kichwani nikamwona ndugu yetu mdogo ndani ya sanda yake.

Akaketi juu ya katoni.

"Hanipigii," akasema. "Tangu Idi. Humtumia mamake ujumbe, mimi hapana." Alisema bila kunitazama. "Asubuhi kabla sijafungua mlango wote, nilikuwa naiweka ile ya ghala kwanza. Napangusa kioo, nautazama mkono wake. Naona hajakonda. Nasema alhamdulillahi, nafungua duka."

Akaunyooshea ukuta kidole.

"Sasa mmeujaza mikono. Wangu nitamjuaje?"

Nikatoa simu, nikalitafuta jina la binti, nikamsogezea. "Mpigie, kaka. Mpigie sasa hivi."

Aliitazama simu, kisha akairudisha mkononi mwangu.

"Nilishasema nilichosema," akajibu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, hofu isiyokuwa na mahali pa kujificha, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasikia kwake, kwa sauti hiyo hiyo, kuhusu ndugu yetu. Akainuka na kitambaa chake. Akaenda kioo baada ya kioo, anapangusa, anainama, anautafuta mkono.