Mzee Kimya na Kisu cha Mwanangu

Asubuhi mwanangu wa kumzaa aliniambia sijui kitu kuhusu visu.

Saa nne, wakati wa chai, akaniandikia kwenye simu: "Shikamoo Mzee. Niko chini ya miguu yako, nifundishe visu."

Mzee mwenyewe nilikuwa mimi.

Kina mama wenzangu, someni mpaka mwisho. Mimi niliishia darasa la saba, maneno makubwa sina. Ila yaliyonikuta sitaki yamkute mwingine.

Mwanangu ni fundi friji. Miaka ishirini na minane, ndevu kamili. Mjomba wake, yaani kaka yangu, alipata kibali cha kuwinda kulungu mmoja. Akamwambia, "Mpwa wangu, Jumamosi twende. Akianguka, utampasua wewe."

Wazimu ukaanzia hapo.

Akajiunga na kundi la wawindaji mtandaoni. Watu mia nne wanabishana umbo la kisu kama wanagombania urithi! Akarudi na dude refu kama mkono wa mtoto. Ncha imechongoka, imepinda juu. Mgongoni meno kama msumeno.

"Baba, unaenda kupasua kulungu au unaenda vitani?"

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Wataalamu wamesema."

Jamani, mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa naosha matumbo machinjioni. Ncha ya namna ile ikigusa tumbo la majani, uchafu wote unamwagikia nyama. Hata mbwa anafikiria mara mbili. Na mwenzangu wa meza ya pili, kisu kirefu kilimteleza kwenye damu kikamkata kano za vidole. Leo vifungo vya blauzi anafungwa na binti yake.

Nikamwambia, "Chukua kifupi, urefu wa kidole cha kati. Ncha iwe imeshuka. Makali yatazame juu, vidole vyako viwili vikinge matumbo, upasue polepole."

Akacheka. "Hayo ya ng'ombe, Mama. Wewe visu hujui. Kulungu ni sayansi."

Sayansi! Na friji yangu huu mwaka wa pili haigandishi.

Nikaenda kazini. Nilikuwa naviona vile vidole. Wakati wa chai nikafuta mikono, nikafungua akaunti mpya. Jina: Mzee Kimya. Picha: mti mkavu. Nikaingia kundini nikaandika yaleyale, neno kwa neno. Nikatanguliza tu: "Vijana, nimekaa msituni miaka arobaini."

Weee! Kundi likalipuka. "Hii ni dhahabu!" "Mzee, uishi milele!" Mmoja anajiita Kamanda Chui akaandika, "Nimelia." Mtu mzima, analilia ncha ya kisu!

Na mwanangu naye ndiyo akaja na shikamoo yake.

Ijumaa jioni akaweka mezani kisu kifupi, kizuri, ncha imeshuka.

"Unaona, Mama? Watu wenye akili wanachagua hivi. Mzee Kimya kanielekeza. Siyo mambo ya kubahatisha ya jikoni."

Hapo ningenyamaza. Nilishashinda. Lakini nikaweka kijiko chini.

"Mzee Kimya ni mimi."

Akacheka mpaka akapaliwa. Nikachukua simu, nikaandika mbele ya macho yake. Simu yake ikalia: "Maliza kula. Vyombo utaosha wewe."

Kicheko kikamkauka.

"Umenidhalilisha, Mama."

Kwa hasira akawatangazia wenzake. Kamanda Chui akajibu, "Mimi nilihisi tangu mwanzo. Ule ushauri ulikuwa unanuka vitunguu." Mia nne wakageuka kama chapati. Mimi nikatolewa.

Jumamosi akabeba lile dude. Nikamkimbilia mpaka getini na kile kifupi nimekifunga kwenye kitambaa.

"Baba, nakuomba. Waambie umechagua mwenyewe."

"Kampe Mzee Kimya."

Saa tisa gari la kaka likaingia. Harufu ilitangulia. Kisha mwanangu, mkono umefungwa kwa shati la mjomba wake, damu inachuruzika.

Ncha ilitoboa tumbo. Uchafu ukamrukia, akashtuka, akavuta. Kisu kikapita kiganjani.

"Dada, nilimpa changu," kaka akasema. "Akaniuliza niko kundi gani."

Nyuzi tisa. Daktari akasema kidole cha mwisho hakitakunjika tena. Nyama tukaifukia nusu.

Nikasubiri aseme "Mama, ulikuwa sahihi." Wiki mbili zikapita.

Siku moja mwenzangu machinjioni akanionyesha video. Mwanangu huyo, bandeji mkononi: "Ndugu zangu, haya nimejifunza kwa damu yangu. Kifupi, urefu wa kidole cha kati. Ncha ishuke. Makali yatazame juu..."

Neno kwa neno! Watu elfu tatu wameipenda. Wanamwita Profesa.

"Mwanao ana akili," mwenzangu akasema. "Karithi kwa nani?"

Nikaminya utumbo niliokuwa nao mkononi, maji yakatoka.

"Kwa mjomba wake."

Kina mama, mtoto akishashika kisu sahihi, funga mdomo. Sifa achukue anayezitaka. Mimi nilitaka asante yangu Ijumaa ile ile, na mpaka leo mwanangu akishika bisibisi, kidole kimoja kinabaki kimesimama.