Neno Moja la Kiingereza kwa Shida Zote

Saa nne na dakika ishirini, siku ya Alhamisi, ng'ombe wetu alianza kujinyonga. Saa naikumbuka kwa sababu zilibaki dakika kumi tutoke kwa mapumziko, na enzi zetu dakika hizo tulizihesabu kwa tumbo.

Tulikuwa darasa la nne, huko Birongo. Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ilikuwa marufuku shuleni, na Kiswahili kiliruhusiwa kwenye kipindi chake tu. Aliyeteleza alivikwa diski, kibao cha mbao chenye kamba ya katani, akakaa nacho shingoni mpaka amnase mwingine. Aliyelala nacho Alhamisi aling'oa visiki Ijumaa. Sisi watoto wa chai na ndizi, ambao Kiingereza chetu hakikujaa kiganja, tulichagua neno moja lisilo na hatari: please. Ukitaka kwenda chooni, please. Ukikanyagwa, please. Ukitamani ndizi ya mwenzako, please. Ukinyimwa, please ya pili yenye macho makali. Nililitumia muhula mzima, shingo yangu ikabaki safi.

Sasa nikamwona ng'ombe kupitia dirisha. Baba alikuwa amemfunga kwenye mkaratusi kando ya uwanja. Mnyama alikuwa ameteleza mtaroni, kamba imemkaba, ulimi nje. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa karo ya dada yangu Kerubo, aliyesubiri kwenda sekondari. Nikasimama.

"Please," nikasema.

Mwalimu akaniuliza ninataka nini.

"Please, teacher. Please."

Akaliambia darasa liniangalie, lione mtoto mwenye adabu. Nikapigiwa makofi. Nyuma yangu alikaa Ombati, mwenye diski siku hiyo, mtu pekee darasani aliyekuwa huru kusema alichotaka. Naye alikuwa amemwona ng'ombe. Akaninong'oneza kwa Ekegusii, taratibu kabisa: "Sema, ndugu yangu. Mimi nakusubiri."

Nikapiga kelele kwa lugha ya mama, sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema darasani. Mwalimu aliruka dirisha, akakata kamba kwa wembe wa kuchongea penseli. Ng'ombe akakohoa, akainuka. Mwalimu akarudi, akapangusa suruali, akamwagiza Ombati anivike diski.

Kesho yake niling'oa visiki vitatu. Mama alipoona malengelenge alisema, "Ng'ombe si yuko hai? Kula." Kerubo akaenda sekondari.

Watoto wa leo hawavikwi kitu. Binti yangu, hapa Mosocho, huota kwa Kiingereza na hukasirika kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Nyanya yake, mama yangu, humsimulia mambo kwa Ekegusii saa nzima; yeye hutabasamu kwa heshima asiambulie hata neno, kisha mama huniuliza mimi mtoto ameonaje. Sisi tulikatazwa lugha, tukaificha mdomoni kama sukari ya wizi. Hawa wameruhusiwa, na hawana cha kuficha. Basi nimemtafutia mwalimu wa Ekegusii, kila Jumapili alasiri. Amekwisha kujua kumwamkia nyanya yake na kumwomba maji. Mpaka hapo nimelipa shilingi elfu tisa na mia sita.