Mgonjwa Aliyekatazwa Kulala

Mama mkwe wangu, Kudra, amepika chapati miaka thelathini mlangoni kwetu Buyenzi, amesimama mbele ya mbabula ya makaa tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Varisi zilimwanza mguu wa kushoto alipokuwa na mimba ya kumzaa mume wangu, Tajudini. Mishipa ilivimba, ikajikunja kama minyoo chini ya ngozi.

Miaka minne iliyopita alipasuliwa. Kwetu mgonjwa akitoka hospitali hulala mkekani sebuleni, watu wakaja kumwona. Akalala wiki tatu. Kila mgeni alitaka kuuona mguu, basi soksi ya kubana ikawa inavuliwa, mwisho ikasahaulika chini ya mto. Mishipa ikarudi, safari hii na kidonda juu ya kifundo.

Jumanne daktari alitumia njia mbili pamoja. Mshipa mkubwa aliuunguza kwa ndani kwa uzi mwembamba wa leza. Ile midogo iliyopinda, ambayo uzi haupiti, akaidunga dawa ya povu. Akaniambia mimi, si yeye:

"Atembee leo hii, na kila siku. Soksi asivue ovyo. Mishipa ikirudi tena, hicho kidonda hakitafunga."

Tulipofika nyumbani, mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Wageni sita. Wifi yake, Khadidja, amekaa karibu na mlango.

"Kaa chini, Kudra. We mugonjwa."

"Muganga amesema nitembee."

"Utembee wapi? Watu wameacha kazi zao juu yako! Wakikuona njiani watasema umewadanganya. Onyesha basi huo muguu."

"Apana. Soksi haitoki."

"Ee! Imekuwa ya dhahabu?"

Wakacheka. Mama akakaa. Niliona vidole vyake vinakunja ukingo wa mkeka. Saa nzima ikapita, na ya pili. Kila aliyeondoka alipishana na mwingine mlangoni. Mama aliniangalia mara moja tu.

Nilikuwa nanyonyesha. Nikamtoa mtoto ziwa. Akapiga kelele nyumba nzima.

"Mama, huyu anakunyamaziaga wewe tu. Na lazima umutembeze."

Mama akainuka, akampokea. Nani atamkataza bibi kubembeleza mjukuu?

Akatembea uani, hatua kumi na moja mpaka kwenye lango, kumi na moja kurudi. Lango hakulifungua. Kesho watakuja wengine. Mtoto alishalala zamani, lakini kila akikaribia dirisha la sebule, Mama alianza kumbembeleza kwa sauti, kama vile bado analia.